Sura ya Nne: Maji Katika Tangi la Ajuza

Sajini Maroa hakuwa mtu wa kuficha furaha yake. Inspekta Kerosi alikuwa hajavua hata koti la mvua, matope ya njia ya Homa Bay bado yamemganda mpaka magotini, na tayari chupa ilikuwa imewekwa mezani mbele yake kama chai ya mgeni.

"Mimi nisiseme kitu, afande," Maroa alisema. "Chupa iseme."

Ilikuwa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Kerosi aliiinua akaielekeza dirishani. Juu kulikuwa na petroli. Chini, vidole viwili vizima vya maji, na baina yao mstari ulionyooka kabisa.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye tangi la ndege, lile la juu katikati ya mabawa. Halikupasuka. Lina bomba dogo chini yake, nikalifungua mwenyewe jana asubuhi, konstebo wawili wakishuhudia. Majeruhi alikuwa hajafika hata Rongo."

"Kazi safi, Sajini," Kerosi alisema, na hakuwa akimkejeli. Kesi ngapi zilimfia mkononi kwa sababu mtu alichelewa kuchota ushahidi ungali pale?

Ndege yenyewe haikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Nyanza Kusini mwaka ule wa 1966. Ilikuwa mali ya Matiko Ryoba wa Migori, na mwenyewe aliiita Ajuza. Ilitengenezwa kabla ya vita vya Hitler: mabawa mawili juu na mawili chini, mbao na kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngoma, viti viwili wazi kimoja nyuma ya kingine, na panga boi la mbao ambalo lazima mtu alizungushe kwa mkono ndipo injini ikubali kuamka. Mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa akirudi kwao mwaka wa uhuru ndiye aliyeiuza, na Matiko, aliyekuwa fundi wake na kufundishwa naye kuruka, akaswaga ng'ombe kumi na wanane mpaka mnadani. Kumi na wanane! Kwa Mkuria hiyo si bei, ni msiba. Wajomba zake walimwekea kikao mara mbili kumuuliza ni nani aliyemroga. Yeye akaenda Nairobi, akafanya mtihani, akarudi na cheti cha urubani mfukoni, na tangu siku hiyo hao hao wajomba wakawa hawaachi kuwaambia watu kwamba yule anayepita juu ni mtoto wao.

Sasa mtoto wao alikuwa hospitali Homa Bay, paja limevunjika na mbavu tatu. Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa ameruka kwenda kuwatazamia watu wa serikali wanaopiga vita mbung'o vichaka vya bonde la Lambwe. Hakufika popote. Ajuza ilikohoa, ikanyamaza, ikaangukia pua katika shamba la mihogo, hatua mia tatu kutoka mwisho wa kiwanja.

"Na aliyetia maji yumo ndani," Maroa aliendelea, akigonga faili. "Mochama, fundi wake. Ijumaa mchana waligombana, kiwanja kizima kinasikia. Mochama ni Msabato, hataki ndege iguswe Jumamosi. Jioni yake mke wa Matiko, Bhoke, akamwona ameinama kwenye pipa la petroli na spana. Maelezo ya Bhoke haya hapa, na kidole gumba chake. Kesho saa nne Landrova inampeleka kortini. Kujaribu kuua. Na daktari akipiga simu kwamba mgonjwa amezidiwa, tunafuta neno 'kujaribu' tu. Imebaki sahihi yako."

Kerosi hakutoa kalamu.

"Kitu kingine, afande, usinielewe vibaya." Maroa alishusha sauti. "Mshukiwa ni Mkisii. Wewe ni Mkisii. Watu kule sokoni wanangoja waone."

"Na aliyeanguka ni Mkuria, wewe pia ni Mkuria. Basi tumetoshana. Nipe funguo."

Mochama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtu wa makamo mwenye mikono ambayo mafuta yaliingia zamani yakakataa kutoka. Walikuwa wamemvua mshipi na kamba za viatu. Aliposimama kumwamkia Inspekta, ilimbidi ashike suruali kwa mkono mmoja.

"Uligombana na Matiko?"

"Niligombana."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, ukiruka Sabato usinitume nije kukuokota."

"Kwa hasira?"

"Maneno kama hayo, Inspekta, kuna mtu huyasema akicheka?"

Kerosi alimwashiria akae, naye akachuchumaa ili walingane. "Spana kwenye pipa."

"Nilikuwa nakaza kizibo. Pipa linasimama nje, na mvua hizi unaziona. Mchana likipata joto linapumua nje, usiku likipoa linavuta ndani. Maji yakituama juu ya kifuniko, yanavutwa nayo. Kwa hiyo nakaza. Kila jioni nakaza."

"Kwa hiyo ulijua maji yanaweza kuwamo."

"Kuwamo?" Mochama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa kama mbuzi ana kwato. "Masika haya, niletee pipa moja la petroli lisilo na maji, nami nitakubali nimemuua mtu. Yamo kila mwaka. Ndiyo maana kuna ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya kuchujia. Laini hivi, mzungu aliiacha pamoja na ndege. Unaitandika ndani ya faneli, unamimina. Petroli inapita, maji yanabaki juu, unayamwaga chini. Tangu tupate Ajuza, kila tone limepita pale."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa kanisani na mke wangu na watoto watano. Aliyemimina ni Matiko mwenyewe." Alisita. "Sipendi kumsema mgonjwa. Lakini alikuwa na haraka, pengine hakuchuja. Kwa sababu maji hayapiti kwenye ile ngozi, Inspekta. Hayapiti!" Alifuta macho kwa kiwiko. "Mke wangu Nyanchama amekuja asubuhi na uji, akaniuliza nitarudi lini. Nimwambie nini? Nimwambie miaka kumi na minne?"

Kerosi hakutaka kumdanganya. Alitoka akielekea kiwanjani kwa miguu. Sajini alikuwa ameona maji akaona uhalifu. Lakini kama maji ni ya kila masika, basi maji si ajabu hata kidogo. Ajabu ni kwamba safari hii yalipita.

Ajuza ilikuwa bado katika mihogo, pua ardhini na mkia hewani, bawa moja limekunjika. Mwenye shamba, mjane wa Kijaluo aitwaye Benta, alikuwa akichimbua mihogo iliyokatika, maana chakula hakitupwi kwa sababu kimeangukiwa na ndege.

"Yawa, japolis, umekuja kunipandia mihogo yangu?"

"Nimekuja kukuuliza, mama. Ulikuwa hapa jana asubuhi?"

"Niende wapi? Ilipita juu ya kichwa changu. Ikakohoa mara tatu, kama mzee wa tumbaku, ikanyamaza. Matiko akanipigia kelele nikimbie! Yeye anaanguka, na bado ananifukuza mimi nisiumie." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mtu mzuri yule. Asife."

"Na Ijumaa jioni, uliona mtu bandani?"

"Mochama alitoka jua halijashuka, na Biblia yake kwapani. Baada ya hapo nani angeona kitu? Ijumaa ule uzio wote ni nguo. Tangu Bhoke abatizwe mwaka jana, Ijumaa huyo anafua mpaka mawe."

Nyumba ya Matiko ilikuwa papo hapo kando ya kiwanja, na banda la ndege likiegemea ua wake. Kerosi aliingia bandani peke yake. Nje ya mlango, pipa limesimama wima, limefungwa kizibo. Ndani, faneli kubwa ya bati, na juu yake, kwenye msumari, ngozi. Ngozi iliyochuja petroli tangu Ajuza inunuliwe ingekuwa nyeusi na imechakaa. Hii ilikuwa nyeupe. Aliitoa msumarini ikamkalia mkononi, baridi, na unyevu bado umo katikati, maana hakuna kitu kilichokauka Migori wiki ile. Akaipeleka puani. Haikunuka petroli tu. Ilinuka sabuni ya mche.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, kitambaa kichwani, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Inspekta Kerosi, mama. Pole sana kwa yaliyokupata."

"Pole haitoshi. Nataka kusikia amefungwa. Huyo Mochama amekula kwangu miaka miwili na nusu, mke wake ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kanisani. Hata mimi sikutaka Matiko aruke Sabato, nilimwambia. Lakini kumwambia mtu ni kimoja, kumtilia maji ni kingine!"

"Mama Bhoke, jana Matiko alipojaza petroli, ulikuwepo?"

"Nilimshikia faneli kwa mikono hii miwili. Alfajiri, giza giza, anaogopa mawingu yatamwahi."

"Alichuja?"

"Asichuje kwa nini? Aliitandika ngozi vizuri, akapampu kutoka pipani mpaka ikatosha."

Basi Matiko alichuja. Kerosi aliuliza swali lililobaki kwa upole aliouweza. "Hii ngozi, huwa nyeupe hivi?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Bhoke ulilegea kidogo. "Hiyo? Ungeiona kabla! Nyeusi, inanuka, inatundikwa bandani kwa mtu aliyeokoka. Mama Nyanchama alinifundisha, Ijumaa ni ya maandalio: jua likizama, hata tambara la mwisho la nyumba liwe safi. Mashati ya Matiko nilifua, mapazia nikafua, nikasema na hii nayo. Maji matatu. Nilitaka akiishika aone nina bidii."

Kerosi alikuwa Mkatoliki, lakini alioa kwa Wasabato wa Nyamira, na alishakula vyakula baridi vya Jumamosi vya kutosha kujua kwamba Bhoke hatii chumvi. Nyumbani kwa mama mkwe wake, Ijumaa alasiri, ukisimama mahali pamoja sana unaweza kufuliwa na wewe.  Aliitia ngozi katika bahasha ya kaki, akamwandikia Bhoke karatasi ya kuipokea, na alipokuwa anaandika hakuweza kumtazama usoni.

Alifika Homa Bay saa tisa. Matiko alikuwa macho, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito wa chuma, uso umevimba upande mmoja. Daktari alikuwa amesema ataishi, na mguu utaunga. Kerosi alijitambulisha, kisha bila maneno mengi akamwekea ngozi kiganjani.

Matiko aliibinya. Akaileta puani. Akaishusha kifuani ikakaa pale, huku mzee wa kitanda cha tatu akiomba maji.

"Imefuliwa," alisema hatimaye.

"Ikifuliwa inakuwaje?"

"Ngozi hii ikishiba petroli, inakataa maji. Lakini ukiishibisha maji kwanza, na sabuni juu yake, inakuwa mlango wazi. Kila kitu kinapita." Alifumba macho. "Niliona ni baridi mkononi. Nikasema ni asubuhi."

"Na lile bomba chini ya tangi? Si unalifungua kwanza kuona kama kuna maji?"

"Ndiyo sheria. Kabla ya kila safari." Matiko alicheka kicheko kifupi, mbavu zikamkataza. "Miaka miwili na nusu nimefungua, sijaona hata tone. Ile ngozi ilikuwa inafanya kazi vizuri mno, Inspekta. Jana nikaona mawingu, nikasema leo niokoe dakika mbili." Akamshika Kerosi mkono. "Mmemshika nani?"

"Mochama."

"Mochama? Mwachilieni! Mnamfungia nini mtu aliyekuwa kanisani?"

"Kwa maelezo ya mkeo."

 Kerosi alimwona Matiko akipiga hesabu ile ile aliyoipiga yeye bandani, na akaona ilivyomuuma.

"Sikiliza," Matiko alisema. "Andika hivi: rubani hakukagua tangi. Ni kweli tupu, hujatunga neno. Cheti wachukue, sina mguu wa kukitumia sasa. Ila Bhoke asijue. Amekaa huko tangu jana analia kwamba mtu alitaka kuniua. Ukimwambia ni mikono yake... Afande, nakuomba. Yule mwanamke niliuza ng'ombe wote, hakuniuliza. Wajomba waliuliza, yeye hapana."

"Naweza kuandika hivyo," Kerosi alisema polepole. "Na Mochama atatoka. Lakini maelezo ya mkeo yatabaki kwenye faili, na mdomo wa mkeo utabaki sokoni. Mji utasema Mkisii amemtoa Mkisii. Ataishi Migori mpaka azeeke akiitwa mtu aliyemtilia rafiki yake maji. Na watoto wake watano vilevile."

Mzee wa kitanda cha tatu aliletewa maji, akanywa, akashukuru. Matiko alikuwa akitazama dari.

"Basi mwambie wewe," alisema. "Usimwachie Maroa. Na kabla hujamwambia, mwambie kwanza mguu unaunga."

Njiani kurudi, Kerosi alisimama Rongo kwa fundi wa magari aitwaye Bichage, akaazima ngozi yake ya kuchujia, nyeusi na yenye kunuka kama inavyotakiwa. Bichage alimuuliza polisi wanachuja nini siku hizi. Kerosi akamwambia, maneno ya watu.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa bandani na chupa mbili, petroli na maji, na karai. Bhoke alikuja amevaa vizuri, maana alidhani anakwenda kortini kutoa ushahidi.

"Nimetoka kwa Matiko, mama. Daktari amesema mguu unaunga. Amezungumza nami vizuri, kichwa chake kizima."

Bhoke alikaa juu ya kasha la vyuma akafunika uso. Kerosi alimwachia nafasi alie. Kisha akamwomba, "Nishikie faneli, kama ulivyomshikia yeye."

Alitandika kwanza ngozi ya Bichage, akamimina petroli iliyochanganywa na maji. Petroli ilishuka karaini. Maji yakabaki juu ya ngozi, yamejikusanya, yanacheza cheza. Kerosi aliyamwaga. Kisha akaitoa ile nyeupe katika bahasha, ingali na unyevu, akaitandika vilevile, akamimina vilevile.

Hakuna kilichobaki juu.

Bhoke aliinama juu ya karai. Chini ya petroli maji yalikuwa yametulia, yanaonekana wazi. Alitazama faneli, akatazama karai, akarudi kwenye faneli. Kerosi alikuwa ameandaa maneno njia nzima kutoka Rongo, na sasa hakuyahitaji hata moja.

"Ni sabuni," Bhoke alisema.

"Ni sabuni, mama. Na ni mvua. Na ni tangi ambalo halikukaguliwa. Hukujua."

"Mimi ndiye." Aliing'ang'ania faneli. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemwangusha. Anajua?"

"Anajua."

"Alisema nini?"

"Alisema niandike jina lake peke yake. Wewe usijue kamwe."

Bhoke aliiweka faneli chini. Ghafla akainua kichwa. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu kasoro."

"Na Landrova ni saa nne! Inuka, afande, twende. Huyo mtu nimemtukana mchana mbele ya watu, sitamwomba msamaha kwa kujificha."

Mbele ya kituo walikuwapo watu thelathini, pengine arobaini, maana habari za kesi hazihitaji tangazo. Nyanchama alikuwa kando na kikapu cha chakula, amefunga midomo. Mochama alikuwa ameshatolewa nje, konstebo kila upande, mkono mmoja umeshika suruali. Sajini Maroa alimwona Kerosi akakunjua uso, kisha akaona anayemtangulia, akaukunja tena.

"Sajini," Bhoke alisema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "leta yale maelezo yangu."

"Mama, hayo tayari yamo kwenye—"

"Yalete!"

Yakaletwa. Bhoke hakujua kusoma, akayashika tu. "Nilisema nilimwona na spana. Hilo niliona. Niliposema alitia maji, hilo sikuliona, lilitoka kwenye uchungu wangu. Maji yaliingia kwa mvua, kama kila mwaka, na mimi ndiye niliyeyafungulia njia. Niliifua ngozi ya kuchujia. Kwa sabuni. Inspekta amenionyesha kwa macho yangu."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma akauliza ngozi gani, akanyamazishwa. Maroa alimgeukia Kerosi, na Kerosi akatikisa kichwa kukubali: ndivyo. Sajini alikuwa mtu wa makelele, lakini hakuwa mtu mbaya. Alisogea akawaambia konstebo waondoe mikono yao kwa yule mtu.

Bhoke alimwendea Mochama akaanza kupiga magoti. Mochama alimdaka kiwiko kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili usingeweza kuachia suruali.

"Simama, shemeji. Simama, nakwambia! Ile ngozi imetundikwa mbele ya macho yako siku zote hizo, na sikukwambia hata siku moja ni ya nini. Nilijisemea, mwanamke na petroli wapi na wapi. Kosa hilo ni langu. Inspekta, liandike."

"Nitaliandika," Kerosi alisema.

"Na mimi nilimfundisha kufua," Nyanchama alisema kutoka pembeni, machozi yakimtiririka, kikapu bado mkononi.

Waliingia ofisini. Kerosi alifuta shtaka kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: ajali. Nje Maroa alikuwa akiwafukuza watu, na watu hawafukuziki. Mochama alipewa mshipi wake, akaufunga kwa makini, tundu kwa tundu, kama mtu anayefunga kitu cha thamani.

"Inatengenezeka?" Bhoke aliuliza.

"Nini?"

"Ajuza. Matiko anasema cheti wachukue. Mimi nasema wasichukue. Inatengenezeka?"

Mochama aliangalia dirishani, upande wa kiwanja, na macho yake yakaanza kufanya kazi kabla yeye mwenyewe hajakubali. "Ni mbao na kitambaa, shemeji. Mbao nitachonga. Kitambaa ndicho kazi, kushona bawa zima kwa mkono, sindano kwa sindano. Unajua kushona?"

"Najua kufua," Bhoke alisema, na sauti ikamkatikia katikati, nusu kilio nusu kicheko.

"Kufua tumeona," Mochama alisema.

Nyanchama aliziba mdomo. Sajini Maroa, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ukuta, na mabega yake yakaonekana yakitikisika. Kerosi aliandika majina matatu kwenye maelezo mapya, la rubani aliyepuuza bomba, la fundi aliyenyamaza, na la mwisho la Bhoke, akayasoma kwa sauti ili kila mtu ayasikie, kisha akamsogezea kidau cha wino. Bhoke alichovya kidole gumba, akakibonyeza chini ya jina lake mpaka wino ukatoka pembeni, akakipangusa kwenye kitambaa chake cheupe cha kichwani bila hata kuangalia doa.